Hesabu ya Kiganjani

3 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla hujasoma, kaa. Najua ukiisoma umesimama utaiingiza mfukoni mwa koti la kazi na itafuliwa nalo, kama ile ya mwaka jana.

Huku hatujambo. Goti la Baba bado linamsumbua, lakini hataki kusikia habari ya fimbo. Anasema fimbo ni ya wazee na yeye ana sabini na moja tu. Anashinda mezani na saa za watu, kioo cha kukuzia kimembana jichoni, na ukimsemesha anakuinulia kidole umngoje. Saa yako ya kifuani ameipokea. Anasema haijaharibika, imejaa vumbi tu, na ataisafisha kabla ya zote kwa sababu ni ya dada yake na dada yake ana mdomo.

Sasa jambo lenyewe. Hospitali imefungua chumba cha tiba ya mtandao kwa ajili ya watoto, na daktari wake ni mimi. Zahanati kumi na moja zimeunganishwa nasi, na yenu ni ya tatu kwenye orodha. Kila Jumanne na Alhamisi kuanzia saa tatu asubuhi nitakuwa mbele ya skrini, na wauguzi mtanionyesha watoto wanaowatia wasiwasi. Hebu fikiria, Shangazi. Yule mama uliyenisimulia, aliyesafiri siku mbili na mtoto mgongoni akafika huku akaambiwa ni upele wa joto, angemaliza shida yake kwa dakika tano na kurudi kupika.

Majaribio ni ya miezi sita. Baada ya hapo nitaandika ripoti, na wakubwa wataamua kama mpango uende zahanati zote au uishie hapo. Ripoti inataka maoni ya wahudumu wenyewe, kwa hiyo nimekuwekea fomu humu ndani. Ijaze kwa ukweli. Usinionee haya na usinipendelee.

Kwenye skrini tutaonana, lakini ya nyumbani hatutayagusa. Kila kikao kinarekodiwa na chumbani huwa na watu. Ya nyumbani tuendelee kuyapakia kwenye gari la chanjo kama kawaida, hata likichelewa.

Wako,
Chiriku

21 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu. Nimekaa. Mwambie kaka yangu kwamba nikija huko nitamkatia fimbo mimi mwenyewe, na haitakuwa ya kutembelea.

Huku ni wazima. Paa la wodi ya wazazi limezibwa, jokofu la chanjo linanguruma lakini linapoza, na paka wa stoo amezaa ndani ya boksi la glavu. Watoto wake wanne, na hakuna aliye na ujasiri wa kumhamisha.

Kioo chenu kimefika. Mtandao unashika mahali pamoja tu, kwenye dirisha la chumba cha mizani, kwa hiyo hapo ndipo ninapokushikia watoto. Akina mama wameshaanza kuwaogesha na kuwavalisha kwa ajili ya daktari wa kwenye kioo. Mimi kwa miaka thelathini na moja nimeletewa watoto na kamasi zao. Wewe kwa wiki mbili tu unaletewa wenye mafuta kichwani na soksi. Juzi yule bibi alikusalimia mpaka akaulizia afya ya majirani zako, nikakuona unatazama saa. Usitazame saa, mwanangu. Wanaona.

Fomu yako inauliza nina maoni gani kuhusu huduma hii kwa watoto, halafu imeniachia mistari miwili. Ningekuwa na maoni ya mistari miwili ningekuwa mkubwa ofisini. Nitaijaza nikishaelewa. Kwa sasa nakwambia wewe. Kwa upele, kwa vidonda, kwa kuuliza dozi, kioo kinafaa na nashukuru. Wale mapacha uliowaona Alhamisi midomo yao imepona. Lakini mtoto mchanga hawezi kusema panapouma, kwa hiyo mimi humsikiliza kwa mkono. Joto lake, uzito wake anapolegea, harufu ya mdomo wake, yote hayo hayapiti kwenye waya.

Ndiyo maana Jumanne nilikwambia, "Hesabu tena, Chiriku, huyu anapumua haraka kuliko unavyoona." Ukahesabu tena, ukakubali. Picha yenu husimama kidogo halafu inaendelea, na pumzi zilizopita hapo katikati huzioni. Unakumbuka nilivyokufundisha? Ulikuwa na miaka tisa, mama yako ametutoka mwaka uliotangulia, na ulikuwa unanifuata kazini kama mkia kwa sababu hukutaka kubaki nyumbani. Nilikishika kiganja chako nikakiweka kwenye tumbo la mtoto wa watu, nikakupa saa yangu uitazame. Dakika nzima, nikasema, bila kuongea. Sikuwahi kukuona umenyamaza dakika nzima kabla ya siku ile, wala baada yake.

Shangazi yako

15 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo tena, na shikamoo ya paka pia. Saa yako imo kwenye bahasha ndogo, imefungwa pamba. Baba ameikagua siku tatu mfululizo na anaapa kwamba haipotezi hata sekunde moja. Amesema nikuandikie hivyohivyo, maneno yake mwenyewe, "hata sekunde moja", na uache kuilaumu ukichelewa kazini.

Kazi inakwenda vizuri, Shangazi. Wiki iliyopita tulimwongoza muuguzi wa zahanati ya saba mpaka degedege la mtoto likatulia, na mama yake alipiga magoti mbele ya skrini nikashindwa kuzuia machozi. Maoni nayo yanaingia. Muuguzi mmoja ameandika kwamba kwa mara ya kwanza hafanyi kazi peke yake. Tabibu wa zahanati ya tano ameandika kwamba yeye sasa amegeuzwa kigingi cha kushikia simu, na kwamba mtoto akikojoa anakojolewa yeye, sifa nazipata mimi. Mwingine anasema watoto wake wanalia wakiniona. Nimeyaandika yote.

Nina ombi, na naliandika nikiwa na aibu. Siku ile uliposema "Hesabu tena, Chiriku", mkuu wa kitengo alikuwa amesimama nyuma yangu na wageni watatu. Walicheka. Mpaka leo kuna watu wananiita Chiriku kwenye korido. Mkuu aliniita pembeni akaniuliza, kama wauguzi wa zahanati watakuwa wanamsahihisha daktari mbele ya mzazi, mzazi atauamini vipi mpango huu?

Tafadhali, tukiwa kwenye skrini niite Daktari. Na ukiona nimekosea, usinisahihishe mbele ya watu. Nipigie simu jioni, au niandikie. Nyumbani mimi ni Chiriku wako mpaka kufa, unalijua hilo.

Usikasirike.

Wako,
Chiriku

4 Aprili

Daktari,

Marahaba. Saa imefika salama, mshukuru kaka yangu. Watoto wa paka wamefungua macho.

Nimekusikia. Sikukasirika. Sikujua kwamba kuna watu nyuma yako. Kwenye kioo nilikuona peke yako. Umesoma miaka mingi kufika hapo ulipo na nilikuombea kila mwaka wake, siwezi kuwa mimi wa kukuchekesha mbele ya wageni. Halitatokea tena.

Sisi wengine ni wazima. Mvua imeanza na njia ni tope, gari linaweza kuchelewa.

Shangazi yako

12 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hujaandika mwezi mzima, na Baba ameanza kuniuliza mimi kana kwamba nimekuficha chini ya kitanda. Amekubali fimbo. Anaitumia kuwaonyeshea watu barabarani walipokosea kuegesha magari.

Nashukuru kwa ulivyobadilika kwenye skrini. Mkuu mwenyewe amesema zahanati ya tatu ndiyo yenye nidhamu kuliko zote. Wakati mwingine nakutazama umesimama wima hapo dirishani, "Ndiyo, Daktari", "Nimeelewa, Daktari", natamani kucheka. Halafu nakumbuka kwamba niliomba mwenyewe.

Kuna jambo dogo la jedwali langu. Kila mtoto niliyemwona nahitaji kuandika hali yake baada ya siku saba. Zahanati ya tatu mmejaza wote isipokuwa mmoja, yule binti wa miezi saba, mtoto wa yule mama fundi cherehani, aliyevaa sweta ya njano. Nilimwona Alhamisi ya tarehe 26 Aprili. Alikuwa na kikohozi na homa kidogo. Nilihesabu pumzi arobaini na nne kwa dakika, na kwa umri wake wasiwasi unaanzia hamsini, kwa hiyo nikasema arudi nyumbani, anyonye sana, na aletwe tena Jumamosi kama hajapata nafuu. Bila shaka alipona ndiyo maana sikuonyeshwa tena. Niandikie neno moja tu nijaze kisanduku chake.

Fomu yako ya maoni pia bado. Umebaki wewe peke yako, na wewe ndiye niliyetaka kukusoma wa kwanza.

Wako,
Chiriku

31 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Samahani kwa ukimya. Gari la chanjo lilikwama siku nne kwenye tope, na lilipofika nilikuwa na foleni mpaka nje ya geti.

Habari za huku ni nyingi. Paka amehama na wanawe, sasa wako juu ya kabati la kadi na wanazilalia. Mwenzangu wa zamu amepata uhamisho, bado sijaletewa mwingine. Dirisha la chumba cha mizani limepasuka kioo na nimeliziba kwa karatasi ngumu, ila kona ya mtandao nimeiacha wazi. Kuchanja surua tumemaliza, kuchanja pepopunda tumemaliza, wanawake kumi na wawili wamejifungua mwezi huu na mmoja amempa mtoto jina langu, Mungu amsaidie.

Mwambie kaka yangu saa inakwenda vizuri. Mwambie nimeipima na redio siku tatu, asubuhi na mchana, na kweli haipotezi hata sekunde.

Fundi cherehani amefunga kibanda chake tangu mwisho wa Aprili. Sare za shule zilizokuwa kwake amezirudisha kwa wenyewe zikiwa nusu. Mashine ameifunika shuka.

Kisanduku chako nitakijaza. Nipe muda.

Shangazi yako

20 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani wote ni wazima. Leo siwezi kuandika zaidi ya hapo kuhusu nyumbani.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nilikuuliza habari za mtoto ukanijibu habari za mashine. Na ulipimia nini saa, Shangazi, siku tatu, wakati Baba alishakuapia?

Jana saa ya chakula wenzangu walipotoka nilifungua rekodi ya tarehe 26 Aprili. Nilidhani nitajiona nikifanya kazi vizuri. Nilijiona nikihesabu kwa sauti kwa ajili ya mgeni aliyekaa kando yangu, namfafanulia kila kitu, naongea kama kawaida yangu. Picha iliganda mara tano. Mara moja iliganda kwa muda mrefu kabisa, mkono wa mama umeinuka nusu na haushuki. Mimi naendelea kuongea. Halafu nasema, "Arobaini na nne, yuko sawa," na mgeni anaandika.

Ndipo nikakutazama wewe. Kiganja chako kilikuwa ndani ya sweta ya njano. Macho yako yalikuwa kwenye saa ya kifuani. Na midomo yako ilikuwa inacheza, Shangazi. Nimerudisha nyuma mara sita. Ulikuwa unahesabu, na uliendelea kuhesabu baada ya mimi kumaliza, mpaka dakika ikatimia. Kisha ukainua uso ukanitazama. Ulifungua mdomo. Ukasema, "Nimeelewa, Daktari."

Ulipata ngapi?

Ripoti inatakiwa mwisho wa Julai na imebaki ukurasa mmoja. Sikuulizi kwa ajili ya ripoti.

Chiriku

9 Julai

Chiriku wangu,

Marahaba. Kama uko kazini usisome. Nenda nyumbani, kaa karibu na baba yako, ndipo usome.

Hamsini na tisa.

Nilihesabu dakika nzima kama nilivyokufundisha. Chini ya kiganja mbavu zilikuwa zinabonyea kidogo, kidogo sana, kitu ambacho mimi mwenyewe nisingekiona kwa macho. Kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni mlichotuletea hakishiki kidole cha mtoto mdogo, kinateleza, kwa hiyo sikuwa na kingine isipokuwa mkono. Na mkono wangu ulijua.

Nilitaka kusema. Neno lilifika mdomoni. Kisha nikamwona yule mgeni ameegemea kukusikiliza, na wewe umenyooka, unang'aa kama siku ile uliyorudi na cheti. Nikajiambia nitampigia jioni kama alivyoniagiza. Kwenye rejista nikaandika arobaini na nne. Yangu sikuiandika popote. Jioni nilishika simu nikaiweka. Nikajiambia labda saa yangu, labda mtoto alikuwa ametoka kulia, labda miaka yako ya kusoma inaona kitu ambacho mimi sikioni. Nikalala.

Mama yake alifuata maelekezo yako na yangu neno kwa neno. Ijumaa alimnyonyesha. Jumamosi asubuhi alikuwa wa kwanza getini. Mtoto alikuwa amebadilika rangi ya midomo. Nilimchoma sindano, nikamwekea oksijeni, nikaita gari la wagonjwa, nikambeba mimi mwenyewe. Gari lilikuwa njiani alipotutoka, saa sita kasoro, kwenye kitanda cha dirishani. Nilikuwa bado nimeweka kiganja.

Sikukuandikia kwa sababu sikujua namna ya kukuandikia bila hesabu yangu, na hesabu yangu ingekuumiza. Huo ndio ukweli wote, na hauna sura nzuri. Najua utasema kosa ni lako kwa kuniomba ninyamaze. Uliniomba nisikuaibishe, Chiriku, hukuniomba ninyamaze mtoto akiwa mkononi. Kutofautisha hayo mawili ilikuwa kazi yangu. Mimi ndiye niliyekuwa naye.

Na mama yake hajui. Anajua daktari wa kwenye kioo alisema yuko sawa, na anajua nilikubali. Anadhani alichelewa yeye. Ananiambia hivyo kila tukikutana, "Laiti ningemleta Ijumaa," na mimi naitikia kwa kichwa kama mjinga.

Nimelia sana mwaka huu, mwanangu. Mkumbatie kaka yangu.

Shangazi yako

29 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nilisoma nikiwa na Baba, kama ulivyosema. Ilibidi asome yeye sehemu iliyobaki kwa sauti, na alipofika pale ulipoishuku saa alivua kile kioo chake cha jichoni akakiweka mezani. Hajarudi kwenye meza yake kwa siku mbili. Anasema alijivunia sekunde zake bure.

Ripoti nimeipeleka. Nimeandika yote: hesabu yangu, hesabu yako, picha iliyoganda, na ombi langu la Machi. Barua yenyewe sikuiambatanisha, hiyo ni yetu. Mkuu alikuwa ameniambia kwamba mtoto mmoja kati ya mia tatu na kumi na wawili habadilishi matokeo, na kwamba ukurasa huo utawapa wakubwa sababu ya kufunga chumba chote. Huenda ni kweli. Nilifikiria yule wa degedege, nikawafikiria mapacha wako. Nilikaa na ule ukurasa mkononi asubuhi nzima, naurudisha, nautoa. Mwishoni niliurudisha. Nimependekeza tusifunge chumba. Nimependekeza kwamba aliye na mtoto mkononi ataje hesabu yake kwanza, kwa sauti, mzazi akisikia, na daktari aandike hiyo kabla ya kufungua mdomo wake. Sijui kama watakubali.

Siwezi kula vizuri. Nikifunga macho naona sweta. Nilikuwa naongea, Shangazi. Dakika nzima, na sikuweza kunyamaza.

Nataka kuja. Nataka nikae mbele ya mama yake nimwambie mimi ndiye daktari, na kwamba hakuchelewa. Baba anasema nisiende na koti la kazi. Sijui nitaanzaje. Nina hofu nitajieleza badala ya kusema. Unajua ninavyojua kuzungusha maneno.

Chiriku

17 Agosti

Chiriku wangu,

Marahaba. Mwambie kaka yangu arudi mezani kwake. Saa yake ilisema kweli; ni mimi niliyeificha hesabu yake. Watu wanangoja saa zao.

Fomu yako imo humu, na kisanduku cha jedwali kimejazwa kwa herufi kubwa ili mkuu wenu asihitaji miwani. Mistari miwili ya maoni imetosha, kumbe. Nimeandika: "Huduma inafaa, iendelee. Ila mtoto asishikwe na mtu aliyefundishwa kunyamaza." Kama ukurasa wako wataung'oa, waing'oe na hiyo.

Jumapili nilikwenda kwa fundi cherehani. Sikuweza kukungoja, kila siku niliyoongeza ilikuwa siku nyingine ya yeye kujilaumu. Nilimwambia mkono wangu ulipata hamsini na tisa na mdomo wangu ukakubali arobaini na nne. Nilimwambia hakuchelewa. Alikunja na kukunjua kipande cha kitambaa. Kisha akaniuliza, "Ulikuwa unamwogopa nani?" Nikamwambia sikumwogopa mtu. Nilimwambia daktari yule ni mtoto wa kaka yangu, nimemlea, na sikutaka kumwaibisha mbele ya watu. Akaniangalia, akasema, "Kwa hiyo ulimchagua wa kwako." Akaniomba nitoke.

Hanisalimii sasa. Nampitia kila asubuhi nikienda kazini, namsalimia, ananiangalia tu. Nitaendelea kumsalimia. Juzi nilisikia mashine yake inalia kidogo halafu ikanyamaza.

Njoo, mwanangu. Panda na gari la chanjo, kaa mbele na dereva, njia bado mbaya. Sijui kama atatufungulia mlango. Akitufungulia, utaanza wewe kusema na mimi nitakuwa kando yako. Na ukianza kuzungusha maneno, nitakusahihisha hapohapo, mbele yake.

Shangazi yako